Dereva Asiyezima Lori

Mjukuu wangu ni dereva wa lori la saruji. Zamani akipita na mzigo ilikuwa lazima ashuke, maana ndani ya lori palikuwa tanuri. Anaingia kwangu akijipepea na kofia: "Mke wangu, niokoe!" Nami namjibu, "Mume gani wewe, kila siku unaniletea jasho tu?" Tunakula, anajinyoosha mkekani, ananipa habari za njiani. Nyumba hii haina mwingine wa kusema naye.

Basi fundi wa kampuni yao akamfungia kitu. Joto la moshi wa ekzosi, lililokuwa likipotea bure, sasa linachemsha dawa kwenye mabomba, na dawa ile ikizunguka inamletea dereva baridi.

"Moto ulete baridi?" nikamuuliza. "Basi nikuwashie mkaa upate barafu."

"Bibi nawe! Si kama lile friji la zahanati, la mafuta ya taa? Moto uko chini, na chanjo haziharibiki."

Kweli. Friji lile nalijua.

Shida ni kwamba injini ikizimwa, baridi nayo inakwisha. Kwa hiyo hazimi, wala hashuki. Anapiga honi, nampelekea sahani dirishani, naipokea tupu. Jirani yangu naye ana mdomo: "Shoga, mumeo amekususa? Na sisi anatufukiza kama mbu!"

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikapeleka sahani, nikamwambia anivute juu. Nilikusudia kumwambia azime, ashuke, aje akae kwangu walau kidogo. Kiti cha pili kimejaa nguo zake, nikazisukuma. Baridi ikanishika mabega.

"Mke wangu, umeona raha?"

"Nimeiona. Kula kwanza, nina neno."

Akala nusu. Nilipogeuka nimwambie, kichwa kimeshaanguka kando, sahani iko mapajani. Nikaitoa nikaiweka pembeni. Mkekani kwangu hakulala hivi hata siku moja. Alikuwa akijigeuzageuza, shingo inatiririka, nami nampepea. Sasa paji la uso kavu, kinywa wazi, kama zamani nilipokuwa nikimbeba mgongoni.

Neno langu nikalimeza. Nikakaa kidogo, injini ikinguruma chini ya miguu yangu. Kisha nikashuka mwenyewe, kinyumenyume, mguu ukitafuta ngazi, na mlango nikaufunga polepole, baridi isimtoke.