Nguvu za Sumaku Zimeenda Wapi
…mitatu tu, msumari wa nne umeanguka sakafuni, na siku tuliyoifunga hii sumaku kwenye mdomo wa mashine ya kusaga ilishika saba, mmoja ukining'inia chini ya mwingine, nikacheka peke yangu, sasa nguvu zimeenda wapi, maji yakimwagika utaona tope, hizi hazikuacha hata alama… Mzee Wanjala yuko mlangoni anafoka kwenye simu, mashine ni yake na leo hata hasira ni yake, "Wewe Kimeli, si uliniambia ati hii kitu itashika miaka kumi? Msumari imepita, imerarua chekeche, watu wamekaa hapa na mahindi," na kweli kina mama wameketi juu ya magunia, mahindi wameyaanika kando ya barabara, yakazoa misumari, ataiokota nani kama si sumaku… huyo Kimeli wa Kitale aliyetuuzia, anayetoa sumaku kwenye spika mbovu na kuzipima mbele yako, hii aliifunga kwa gazeti mara mbili, ati isiumie njiani, nikashangaa, chuma kinaumia?… mwalimu Judy, kidato cha pili, mwaka nilioacha shule, alichora mishale ubaoni, yote ikitazama upande mmoja, akasema ndani ya sumaku mna vijisumaku vinavyovuta pamoja, kwenye msumari wa kawaida kila kimoja kinatazama upande wake, lakini uzungushie waya, pitisha stima, umeme huo, vinageuka vyote, hata mota ya mashine huzunguka kwa ujanja huohuo, nikauliza, na vikishapangika vinaweza kuvurugika? akasema swali zuri, Jentrix, nilifurahi wiki nzima, na jibu, jibu lilikuwa nini, ukiichoma sana, au… "Nitaambia watu kutoka Kimilili mpaka Malakisi wasinunue kwako, bana"… au ukiigongagonga. Mungu wangu. Kila jioni naigonga kwa nyundo ili vyuma vidondoke, mwaka mzima, nikijisifu kwa usafi, kumbe nilikuwa navivuruga vile vijisumaku mwenyewe… na ikizungushiwa waya wa betri ya pikipiki, je, stima ya betri huenda upande mmoja tu, ile ya ukutani hugeukageuka, labda vitapangika tena, natamani kujaribu sasa hivi, mikono inaniwasha… lakini sauti ya Kimeli inatoka kwenye simu, ndogo, ya adabu, "Pole mzee, labda ni mimi nilikosea kuchagua," anaomba radhi, mtu wa watu, kwa kosa ambalo hajalifanya, na mzee bado anafoka, kina mama wanatikisa vichwa, naona aibu mpaka masikio yanawaka, naogopa pia, sina kazi nyingine, lakini akivuta pumzi tu nitasema, Mzee, mwachilie huyo, ni mimi niliyeigonga.