Kofi la Mchanjaji

Harrison Shutu alikuwa amechanja ng'ombe tangu ujana wake, kutoka Kinango mpaka Samburu, kwa hiyo hakuona sababu ya kufundishwa sindano na msichana wa kliniki. Sista Jecinta alipomwelekeza mara ya kwanza pale Ukunda, Shutu aliitikia kwa adabu huku akili yake ikiwa kwenye chakula cha mchana. Sindano ni sindano, alijiambia. Tofauti ni kwamba mimi sina mkia.

Baridi yabisi ilikuwa imemkaa miaka minne, ikamvimbisha viungo vya vidole hata mkewe Mbodze akawa ndiye anayemkatia nyama na kumfunga vifungo vya shati. Mwaka huo wa tisini na tisa, binti yao Cynthia, muuguzi huko Marekani, alimtumia dawa mpya kwa mkono wa daktari aliyekuja Diani kupumzika. Daktari bingwa wa Mombasa akampima, akaridhika, akamwonya kwamba mwili ukiikataa dawa itabidi aachishwe. Ilikuwa unga ndani ya kichupa, wa kuchanganywa na maji, wa kujidunga kila Jumatatu na Alhamisi, na ililala katika friji ya Mutinda mwenye duka, jirani na soda.

Unga, maji, kichupa, baridi. Shutu aliona ni chanjo ya ng'ombe tupu, imevaa jina la kizungu. Basi akafanya alivyozoea. Alikitikisa kichupa kwa nguvu, akajizaba kofi la paja, maana ng'ombe akizabwa kofi hashtukii sindano, akachoma dawa ikiwa bado na ubaridi wa friji, kisha akapasugua kwa ngumi. Ng'ombe asiposuguliwa hutoka uvimbe, na mwenyewe huja kukulalamikia mbele ya watu.

Dawa ilifanya kazi. Mwezi wa pili wa sindano alimenya chungwa peke yake mbele ya wageni ambao hawakuwa wameomba chungwa, akawalazimisha wale. Lakini paja la kulia, ambalo ndilo alilolichagua siku zote kwa sababu ng'ombe huchanjwa upande mmoja, lilikuwa na bamba jekundu, pana kama kisosi, la moto na la kuwasha. Alivyozidi kuwashwa ndivyo alivyozidi kusugua. Kwenye matanga ya jirani alijikuna kwa bidii hata mchungaji akafupisha sala, akidhani mzee amezidiwa na majonzi.

Hakumwambia mtu. Katika maneno yote ya yule bingwa alikuwa amebaki na neno moja, kuachishwa, na neno hilo lilimtia hofu kuliko fahali yeyote aliyewahi kumwangusha. Angalijikuna mpaka mfupani kuliko kurudi kulishwa kama mtoto. Aliogopa, na kwa vile alikuwa mwanamume mwenye sifa zake, akaiita hofu hiyo subira.

Mbodze aliliona paja siku kikoi kilipompanda mumewe akiwa amesinzia barazani.

"Baba Cynthia, hapa pamefanya nini?"

"Siafu."

"Siafu gani hao wanaouma mahali pamoja, kila Jumatatu na Alhamisi?"

"Wana utaratibu wao," alijibu Shutu, na hata yeye mwenyewe akaona uongo huo hauna miguu.

Siku ya sindano iliyofuata, Mbodze alikichukua kichupa kwa Mutinda, akamchukua na mumewe, akawafikisha wote kliniki. Sista Jecinta aliwaamkia, akalikagua paja. Akampa Shutu bomba la sindano lenye maji matupu na mto wa kitanda.

"Hebu nionyeshe unavyofanya, mzee."

Shutu aliuzaba mto kofi, akauchoma, akausugua kwa ngumi mpaka ukatoa sufi. Sista aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena alikuwa na machozi.

"Mzee, uliwahi kumchanja mtu?"

"Watu hawakuwahi kuletwa kwangu."

Sista akamweleza polepole, na safari hii mzee alisikiliza. Wekundu na kuwasha vya namna hiyo huwapata wengi wanaotumia dawa hii, na aghalabu hupungua kadiri mwili unavyozoea. Asikitikise kichupa, akizungushe taratibu. Aiache dawa iishe ubaridi kabla ya kujidunga. Abadilishe mahali kila mara, asisugue, na pakiwasha aweke kitambaa cha maji baridi.

"Lakini ukivimba uso, ukibanwa na pumzi, au upele ukienea mwilini, hilo si la kuficha. Mbio hospitali."

"Kwa hiyo siachishwi?" Sauti ilimtoka nyembamba, akaona haya.

"Huachishwi."

Dozi ya siku hiyo aliidunga sista mwenyewe, paja la kushoto, bila kofi. Hapo ndipo Shutu alipogundua jambo ambalo ng'ombe wote wa Kinango pengine walilijua. Alikuwa mwoga wa sindano. Siku zote hizo kofi lilikuwa limemsaidia kutousikia moyo wake. Sasa chumba kilikuwa kimya, sindano inamjia taratibu, na mchanjaji mkuu akafumba macho, akaupapasa mkono wa mkewe, akaukamata.

"Unanibana," alisema Mbodze.

"Nisamehe." Alifumbua macho, akataka kuuachia.

Mbodze alikuwa akiitazama ile mikono miwili. Miaka minne alikuwa akiuinua mkono wa mumewe kama mzigo, auoshe, aukaushe, aurudishe ulipokuwa.

"Bana tena," alisema.