Mito Saba ya Desemba

Everlyne Kalama alijua kutandika kitanda kikasema uongo. Wenzake huongopa kwa mdomo. Yeye aliongopa kwa shuka na foronya, na kwa miaka tisa hakuna aliyemkamata.

Alikuwa akiishi na Mzee Gitau katika nyumba yake ya Mayungu, nje kidogo ya Malindi. Mzee alikuwa mtu wa bara, mstaafu, na mkewe alifariki kabla hajahamia pwani. Everlyne alifika kwake kutoka kwao Vitengeni akiwa mpishi. Kabla mwaka haujatimia alikuwa anakula naye meza moja, analala naye kitanda kimoja, na ndiye aliyejua dawa ipi ya presha humezwa asubuhi na ipi jioni. Kilichokosekana ni kimoja tu: Mzee hakwenda Vitengeni. Hakupeleka hata kibuyu kimoja cha tembo la mnazi, la kuposea, kwa baba yake Everlyne, ambaye alingoja kuambiwa kwamba bintiye ameolewa, akangoja mpaka akafa. Kila akikumbushwa, Gitau alisema, "Mwakani, mama. Watoto bado wanamlilia mama yao. Ngoja wapoe."

Watoto wenyewe, kama mtu mwenye ndevu na nyumba zake Nairobi ni mtoto, walikuwa wawili: Njenga na dadake Viola. Walikuja kila Desemba wakakaa wiki mbili, na kwa wiki hizo mbili Everlyne alirudi kuwa mpishi.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoingia. Safari yao ya pili, Viola alimletea babake mito ya mapambo, saba kwa hesabu: miwili mikubwa ya kijivu, mitatu ya mraba yenye nakshi, mmoja mrefu wa mviringo, na kamoja kadogo kenye shada za uzi, ambako hakakuwa na kazi yoyote duniani. Toka hapo, siku ya wageni kufika, Everlyne aliuchukua mto wake wa sufi, alioushindilia mwenyewe kwao, akaupeleka chumba cha uani pamoja na leso zake na mafuta yake ya nazi. Kisha alirudi kutandika. Shuka aliivuta ikakaza. Mto wa kulalia wa Mzee aliuweka katikati ya mchago, upande wa kichwani, si kulia alikozoea kulala, na mbele yake akaipanga ile saba, mikubwa nyuma, midogo mbele. Midomo ya foronya aliigeuzia ukutani isionekane na mtu aingiaye. Kilikuwa kitanda cha futi sita, lakini ungekitazama ungeapa kinalaliwa na mtu mmoja, tena alalaye chali.

Alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akasogeza mto mmoja kidogo. Aliona fahari, na ni fahari hiyo iliyokuja kumuuma kuliko yote. Alikuwa akijifuta kwa mkono wake, kisha anajisifu kwamba amefuta vizuri.

"Everlyne, una mkono wewe!" Viola alikuwa akisema, simu mkononi, akipiga picha. "Hata hotelini hawapangi hivi."

"Ahsante, dada."

Mzee naye alipopita nyuma yake alimfinya kiwiko kumshukuru. Hayo ndiyo yalikuwa malipo.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Mzee alianguka bafuni, hakuinuka tena. Walimzika bara kwao. Everlyne alikwenda, akapewa kisu na gunia la viazi, akamenya siku mbili pamoja na wanawake wasiojua jina lake. Jeneza liliposhushwa alikuwa jikoni.

Waliporudi pwani Njenga akatangaza kwamba nyumba inauzwa. Ndipo Everlyne aliposema alichokinyamazia miaka tisa: kwamba yeye ni mke. Nyumba waigawe watakavyo. Alitaka aitwe mjane wa Gitau, si mpishi wa Gitau.

Wakaketi sebuleni, wao watatu na wakili wa familia, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti.

"Mama," wakili akasema, "sheria yaweza kumtambua mke hata kama hakuna cheti wala mahari. Lakini ionekane mlikaa kama mume na mke. Nani aliwaona?"

Everlyne akamtaja Lewa, mlinzi wa getini. Lewa akaitwa, akasimama mlangoni kofia mkononi, akamtazama Njenga, ambaye sasa ndiye amlipaye.

"Mimi kazi yangu ni geti," akasema. "Ya ndani sikuyaona."

"Picha je, mama? Hata moja mkiwa pamoja?"

Hakuwa nayo. Mzee alikuwa akisema picha zina miguu.

Mwenye picha alikuwa Viola. Alimpa wakili simu, naye akazipitisha kwa kidole polepole, Desemba baada ya Desemba. Chumba ni kile, kitanda ni kile, mito saba imekaa katikati kwa heshima zake.

"Ninavyoona mimi, hiki ni kitanda cha mtu mmoja," wakili akasema. "Nani alikuwa akikitandika?"

Wahenga wana maneno yao juu ya mchimba kisima, na Everlyne hakuhitaji kukumbushwa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikitandika hivyo makusudi, wao wasijue."

Wakili akaiweka simu mezani. "Basi, mama, ulifaulu."

Hakusema kwa kejeli, na hilo lilizidi kuchoma. Everlyne akainuka, akaenda chumba cha uani kufunga vitu vyake. Alikuwa akikunja leso kwa hasira, hazikunjiki, Viola alipokuja akasimama kizingitini.

"Everlyne, mimi nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu Desemba ya kwanza. Baba alisinzia barazani mchana, akaamka akaita, 'Nyevu, uko wapi?' Hakuna mtu anayemwita mpishi wake kwa sauti ile."

Nyevu lilikuwa jina lake la nyumbani, na Mzee alilitumia wakiwa wawili tu. Leso ikamponyoka Everlyne.

"Sikutaka kuona zaidi," Viola akaendelea. "Ndipo nikaleta ile mito. Nilijua utajua la kufanya nayo."

"Na pale ndani mbona hukusema? Neno moja tu, Viola! Neno moja!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kumtangulizia udada.

"Wewe mwenyewe miaka tisa mbona hukusema? Sisi tulikuwa tunakuja wiki mbili tu. Ungetuambia, tungelia, tungenuna, tungezoea. Nani alikuziba mdomo?"

Everlyne alikuwa na matusi tele, ya Kiswahili na ya Kigiriama, lakini lililotoka ni lile lililokaa chini ya yote.

"Niliogopa babako atanifukuza."

Mke huachwa. Anayefukuzwa ni mfanyakazi, na Everlyne alikuwa amelisema kwa kinywa chake mwenyewe.