Simu Iliyoita Mpaka Ikakata

Kila Jumamosi alasiri, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, mwalimu alifundisha watu wazima saba kuandika hadithi. Yeye mwenyewe hakuwa ameandika hata sentensi moja tangu kaka yake afariki, mwaka na ushei uliopita. Kilichomfanya aendelee kuishi ni kumsikia fundi wa friji au mkunga mstaafu akisoma kitu alichokitunga mwenyewe, na kikasimama kama hadithi kamili. Bila hicho angekuwa ameshajilalia chali akisubiri siku zake.

Muhula mmoja akajiunga shemeji yake, mjane wa kaka yake, mshonaji asiye na maneno mengi.

"Nataka kuandika siku ile," alimwambia mlangoni. "Usinihurumie, shemeji. Nisahihishe kama wenzangu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Darasani hakuna aliyejua kuwa ni ndugu.

Jumamosi ya tano mshonaji akasoma. Aliandika jinsi mumewe alivyobanwa na pumu mchana kweupe, kakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, kifua kikipiga filimbi. Yeye akampigia simu ndugu wa mumewe, aliyekuwa na gari na akiishi mtaa wa pili tu. "Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Mara ya tatu vilevile. Nilipopata teksi, midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi. Jioni shemeji alikuja mbio akilia. Alisema simu yake ilizima chaji tangu asubuhi."

Mkunga akavua miwani, akaifuta. Fundi wa friji akainua mkono.

"Mama, nywele zimenisimama. Ila mwalimu katufundisha kutafuta palipolegea. Hapo kwenye simu umenipoteza. Simu iliyozima haiiti, unaambiwa haipatikani. Hii imeita mara tatu. Parekebishe."

Mshonaji akaisoma tena mistari ile, kidole kikifuata maneno, kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Kisha akainua macho.

"Mwalimu, nirekebishe vipi? Iite au isiite?"

Angeweza kusingizia mtandao. Uongo ulishamfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa amechoka, amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Iite," alisema. "Iache iite."

"Na huyo shemeji alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaandika. Aliona jina lako. Akadhani ni mambo ya kila siku, bomba limevuja, mtoto kagoma kwenda shule. Sentensi ilikuwa imemjia vizuri, hakutaka imponyoke. Akailaza simu kifudifudi."

Fundi wa friji akashika kichwa. Mshonaji akainama, akaandika yote.

"Kifudifudi," alirudia, kalamu ikitembea. Akakunja karatasi, akatoka bila kuaga.

Kesho yake mwalimu alibisha mlangoni kwa shemeji yake mpaka vidole vikamuuma. Binti mkubwa akachungulia dirishani.

"Baba mdogo, mama anasema hayupo."

Jumamosi iliyofuata mwalimu alipanda ngazi. Akamkuta mshonaji amekaa nyuma kabisa, na kurasa nane mkononi. Mshonaji akazisoma zote kwa sauti. Chumba kile kilikuwa hakijawahi kusikia kazi kama ile. Shemeji wa mle ndani hakufanywa mnyama, wala hakusamehewa. Alikuwa mtu tu, kainamia meza, anatafuta neno, na simu inaita. Mwalimu alitafuta kosa la kusahihisha, akaona koma moja tu iliyokosewa. Mkunga ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mshonaji anakuja mpaka leo. Nyumbani hamfungulii mlango, na kwenye msiba wa shangazi wa mwalimu alipomwona tu alihama kiti. Lakini Jumamosi, kwa saa mbili, anamuuliza habari za vitenzi na aya, naye anamjibu. Wiki nzima mwalimu huandaa somo, akalichana, akaliandaa upya, roho juu, akihofia siku ambayo hatakuwa tena na cha kumfundisha.