Mzigo Usiosema

Usingizi wa mchana haubishi hodi. Nimekaa kwenye mkeka kando ya meza ya mjukuu wangu Naelijwa, mgongo ukutani, na kompyuta yake inavuma kama sufuria ya makande iliyofunikwa, inajenga, ndivyo anavyosema yeye, inajenga vifurushi vitatu kwa mpigo, kwa sababu kompyuta za watu hazifanani, ziko za namna tatu, na kila namna ina mlango wake, kwa hiyo kazi ni ile ile lakini mzigo lazima ufungwe mara tatu. Ndani ya vifurushi hivyo kuna programu inayosoma maandishi kwa sauti. Ni ya bure, yeyote anaweza kuichukua, kuifungua aone ilivyoshonwa, na akikuta tundu atie kiraka. Watoto wa shule ya wasioona kule bondeni, shule ya Mwalimu Elieza, wanaisubiri, maana kesho asubuhi wana mtihani, na kwa mara ya kwanza hawatasomewa maswali na mtu, watayasikiliza wenyewe kwenye kompyuta, kila mmoja kwa mwendo wake. Na sauti watakayoisikia ni yangu. Mwezi mzima nimekaa ndani ya kabati la nguo, katikati ya mablanketi ili mwangwi usiingie, nikisoma sentensi mbele ya kipaza sauti, jongoo anavuka barabara, mvua imenyesha Usangi, tafadhali rudia swali, mpaka Naelijwa akasema inatosha Bibi, sasa mashine imekujua, itasema chochote kwa sauti yako. Leo anatafuna kucha. Nikikosea, Bibi, anasema bila kugeuka, watoto watavaa hedifoni na hawatasikia kitu, na mtihani hausubiri mtu. Hutakosea, namwambia. Anavua kanga begani ananifunika miguu, macho yake yako kwenye kioo bado, hajui hata kwamba amenifunika, mikono yake ndiyo inajua. Nafumba macho kidogo tu.

Mkeka unaendelea. Ukili unafuatana na ukili, unapita chini ya meza, unapita chini ya mlango, na mimi nimesimama juu yake, nimebeba kichwani mzigo ambao sikumbuki kujitwisha, na ukili umekuwa barabara. Barabara haina mwisho wala haina mwenyewe. Watu wengi wameinama juu yake. Anayekuta shimo analijaza, anajifuta mikono, anakwenda zake, hasubiri kushukuriwa. Napita nikisema poleni na kazi, wananiitikia kwa lugha nisizozijua, lakini mmoja anaondoa kijiwe mbele ya mguu wangu kabla sijakikanyaga, na jambo hilo halihitaji lugha. Mzigo si mzito, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mbele yangu anatembea mtu asiye na uso. Palipotakiwa kuwa na macho na mdomo ni laini kama ganda la yai, ana masikio tu, makubwa, na ameyageuzia nyuma kwangu. Mwanangu, tunakwenda wapi? Anajibu, sijui anajibia wapi, Tunakwenda kabla ya asubuhi. Hiyo ni saa, baba, si mahali. Kwa wanaosubiri, anasema, ni kitu kimoja. Halafu anasema, Kitendawili, na mimi kwa mazoea naitikia, Tega. Kimekuwepo siku zote, ndiyo maana hakimo mzigoni. Nawaza chumvi. Anatikisa masikio. Nawaza moto, nawaza maji ya mtungi, nawaza jina la Mungu, yote anayakataa, na kila anapokataa barabara inarefuka kidogo. Basi nipe mji, anasema. Nimeshindwa, nampa mji, na nikishasema tu nakupa mji, mji unasimama mbele yetu.

Ni mji wa madirisha matupu, hauna kuta, na nyua zake zote zimeegemea kulia kama zimesukumwa na upepo mmoja. Mlinzi anachungulia dirishani. Mama, una uhakika unataka kuingia? Nina uhakika, baba. Una uhakika kweli? Nimetoka mbali mwanangu, nina watoto wananisubiri. Anafunga dirisha hilo, anatokea kwenye dirisha la pili. Mama, una uhakika unataka kuingia? Nikicheka atakasirika, nikikasirika hatafungua, namwambia nina uhakika, na tena nina uhakika, mpaka anachoka kabla yangu. Ndani kuna madawati, na kwenye madawati kuna watoto, wameinamisha vichwa upande mmoja kama kuku wanaosikiliza kipanga. Natua mzigo, nafungua mafundo, ndani kuna kisanduku chenye mdomo. Mdomo unafunguka. Unafumba. Unafunguka. Hakuna kitu. Binti mmoja mdogo, kichwa kimenyolewa vizuri, magoti yamepakwa mafuta, mtu fulani amempaka asubuhi kwa upendo, anauliza polepole ili asinikosee adabu, Bibi, imeshaanza? Bado mama, namwambia, subiri kidogo, na nasikia sauti yangu ina mkwaruzo ambao haukuwepo barabarani.

Kitendawili, anasema asiye na uso, na tuko nje tena, mzigo uko kichwani tena. Tega, nasema, ingawa sitaki. Ni kile kile. Nawaza, nashindwa, nampa mji, na mji unasimama, na ni ule ule tuliotoka, ila umegeuzwa kama kwenye kioo, nyua zimeegemea kushoto, kivuli changu kinatembea upande usio wake, na madirisha yamezibwa kwa ukuta mweupe unaoteleza, hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Sauti inatoka ukutani, laini, yenye heshima zote. Hatumjui aliyekutuma. Ni mjukuu wangu, Naelijwa. Kila mtu ni mjukuu wa mtu, mama, mhuri wake uko wapi? Nageuza mzigo huku na huku, nauona, Naelijwa ameugonga chini kabisa, mahali mtu asiye mwangalifu asingeugonga, nauinua, na ukuta unafunguka bila mlio kana kwamba haukuwahi kukataa. Madawati yale yale. Watoto wale wale, vichwa vimeinama upande wa pili. Kisanduku kinafungua mdomo, kinafunga. Binti wa kichwa kilichonyolewa anashika hedifoni kwa mikono miwili, anazibana masikioni, labda kosa ni lake. Bibi, mimi sisikii, wenzangu wanasikia? Nataka kumwambia kosa si lake. Yanatoka maneno membamba kama mvuke, yanafika nusu ya njia yanapotea.

Siulizwi tena kitendawili. Natoa mji mwenyewe, kwa woga, ili yaishe, na huu wa tatu ni mji wa watu ambao kila mmoja amejichongea mlango wake kwa mikono yake, komeo hili la mti, lile la kamba, jingine la kufunguliwa kwa goti, na wote wameniona kwa pamoja. Mama, karibu! Usiingie kwake, mlango wake ni wa mwaka juzi! Wewe nyamaza, mlango wako hata paka wako anauogopa! Mama, umekuja na bawaba zako au tukuazime? Aende upande wangu, nimeshampa na kigoda! Ni kweli, huyo amenipa kigoda, na mwingine amenishika kiwiko, na mwingine anafungua mafundo ya mzigo kwa vidole vyepesi ili nisijikwaruze, wanagombana huku wananitunza, sijawahi kuona watu wanaogombana kwa upole namna hii. Lakini watoto wapo. Wapo kwenye madawati, na mahali fulani kengele ya shule inajiandaa kulia, naiona inavyovuta pumzi. Kisanduku kinafungua mdomo. Mimi nafungua mdomo. Kinafunga, nafunga. Tunafanana. Binti ameinuka, anakuja kwangu akipapasa hewa, anagusa kidevu changu, anagusa midomo yangu inavyohangaika, na anasema kwa uchungu wa kunionea huruma, Pole, Bibi. Kumbe na wewe umeachwa.

Hapo ndipo nauona uzi. Unatoka kooni mwangu, mwembamba kama wa sweta lililonasa kwenye msumari, unapita katikati ya madawati, unatoka mjini, umekazwa mpaka unatetemeka. Naufuata. Narudi kwa miguu ambayo si ya umri wangu, napita mji mweupe, napita mji wa madirisha, una uhakika unataka kutoka, una uhakika kweli, napita watu wa barabarani walioinama, na wote wananipisha, na asiye na uso sasa yuko nyuma yangu, nasikia masikio yake. Uzi unaingia mlangoni kwetu. Unapita chini ya meza. Unaingia ndani ya kabati. Naweka sikio kwenye mbao, na mle ndani, katikati ya mablanketi, mtu anasoma kwa utulivu, hana habari na safari yoyote, hajawahi kuvuka kizingiti. Mvua imenyesha Usangi. Jongoo anavuka barabara. Tafadhali rudia swali. Tafadhali rudia swali. Kitendawili, ananong'ona asiye na uso mgongoni kwangu, na mimi najua jibu, nalijua, lakini sina cha kulisemea.

Bibi. Bibi, unahema. Naelijwa amepiga magoti mbele yangu na glasi ya maji. Kompyuta imenyamaza. Vimekamilika vyote vitatu, anasema, nimevijaribu vinasema vizuri, nabonyeza viende shuleni, niombee. Kidole chake tayari kiko hewani. Nachukua maji, nameza, najaribu koo. Usibonyeze kwanza, nasema, na inatoka, kavu, lakini inatoka. Kavifungulie kwanza kwa jirani, kwa Mama Mgonja. Bibi bwana, kwa Mama Mgonja kuna nini? Hakuna kitu, ndiyo sababu. Ananitazama kama ninavyotazamwa siku hizi nikisahau jina la mtu, basi namwambia habari ya mama yangu. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na mama akamfungia mahindi na maharage ya makande, akasahau magadi ya kuyalainishia, kwa sababu kwetu magadi hayakuwahi kukosekana pale juu ya kichanja, nani angeyakumbuka? Baba alitafuna mahindi magumu kama kokoto mpaka aliporudi. Tangu hapo mama hakufunga mzigo wa safari bila kwanza kuupeleka jikoni kwa jirani na kupika kwa vilivyomo tu, jirani haruhusiwi kumwazima hata chumvi. Nyumbani kwako huwezi kujua ulichosahau, mjukuu wangu, maana unakishika bila kukitazama. Naelijwa anachukua kidude kidogo kilichobeba vifurushi, anavaa ndala, moja yake na moja yangu, hatugundui mpaka tumefika.

Mama Mgonja anatufungulia akiwa na unga mikononi. Kompyuta ya mwanawe imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama mgeni aliyelala. Naelijwa anafungua kifurushi, anaandika maneno, anabonyeza. Tunasubiri. Anabonyeza tena. Leo Bibi umenyamaza, anasema Mama Mgonja, kumbe inawezekana! Kisha anaona uso wa Naelijwa, na anaweka mkono wake wenye unga juu ya kichwa chake na kuuacha hapo. Sauti imo kwenye kompyuta yangu tu, anasema Naelijwa taratibu. Programu inaitafuta sauti mahali ilipo nyumbani, inaikuta, kila mara inaikuta. Sikuipakia. Kama haimo kwenye hiki, haimo kwenye vyote. Anageuka, macho yamejaa. Nimekuacha nyumbani, Bibi. Basi nirudie, namwambia, kabati hulijui? Anacheka huku analia, anakimbia, na mimi namfuata polepole, na ua wa Mama Mgonja umeegemea kushoto. Nasimama kuutazama. Sikumbuki uliegemea wapi jana.

Vinajengwa upya vyote vitatu. Mama Mgonja analeta uji, anaurudisha kuupasha, anauleta tena, haulizi kama vimekwisha. Jua linapogusa mlima tunarudi kwake, Naelijwa anabonyeza, na sauti yangu inatoka kwenye kompyuta ya watu, wazi, haina haraka, tafadhali rudia swali, na Mama Mgonja anasema, Ee, sasa ndiye, na mjukuu wangu anarudi nyumbani kubonyeza viende.

Na asubuhi simu inalia. Ni Mwalimu Elieza, anaongea kwa kunong'ona kwa sababu mtihani ndio umekwisha na bado hajaamini. Wamesikia, anasema, kila mmoja, mpaka swali la mwisho. Lakini kuna binti hapa anataka kujua kama yule bibi aliyemo ndani ni mtu, na kama ni mtu, mbona hatujamsalimia. Naelijwa ananiwekea simu sikioni. Nasikia madawati yanasukumwa, nasikia pumzi zao, nyingi, zimeinama upande mmoja. Je, kichwa cha binti huyo kimenyolewa, nataka kumuuliza Mwalimu, lakini Mwalimu naye haoni, angejuaje? Naelijwa anatabasamu. Dirishani kuna mwanga mwingi mno, kiasi kwamba uso wake siuoni vizuri, naona masikio tu. Shikamoo, Bibi, wanasema wote kwa pamoja, kisha wananisubiri. Nafungua mdomo niitikie marahaba, na mimi pia naisubiri sauti yangu.