Kioo Cheusi cha Mama Giza

Gari lilikuwa limeshawashwa, mizigo imefungwa juu kwa kamba, na Mama Giza bado amesimama kwenye ngazi ya nyumba, amekunja mikono kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Kiti cha mbele kakalia wifi yake, mke wa kaka yake, anakwenda kushika kazi ambayo Mama Giza aliingoja miaka kumi na mmoja.

Jina hilo walimpa wenzake wa maabara, kwa sababu ya chumba chake kisicho na dirisha, chenye pazia zito mlangoni. Humo alipima damu ya kambare. Unavuta damu mkiani mwa samaki, unaitia kwenye kichupa, unaipitishia ile hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa. Hewa hiyo inaing'ang'ania damu kama kupe. Lakini imulike kwa mwanga mkali, kufumba na kufumbua imebanduka! Zima mwanga, inarudi. Profesa aliyeongoza maabara alitaka kujua inarudi kwa kasi gani, na damu ikitiwa asidi kidogo inakuwaje. Taa ya kupimia ilivishwa kioo cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, ili iwe hafifu. Bila kioo hicho, taa yenyewe ingebandua hewa kabla hujaanza kupima.

Wifi aliingizwa kazini na Mama Giza mwenyewe. "Nimsaidie nani kama si mke wa kaka yangu?" aliwaambia watu. Wema huo ulidumu mpaka siku Profesa aliposema mbele ya wote, "Huyu ana mkono mwepesi. Samaki wake hata hawatapatapi."

Kijiba cha roho kikaanzia hapo. Waliishi nyumba moja, kwa hiyo hata jioni hakupata pa kupumzikia.

"Dada, umesikia mke wangu kasifiwa?" kaka yake aliuliza, meno yote nje.

"Nilikuwepo. Masikio ninayo."

"Basi mpongeze!"

"Nitampongeza samaki. Ndiye aliyetulia."

Kisha Profesa akatangaza kwamba anahamia maabara kubwa zaidi, na angechukua mpimaji mmoja tu. Kila mmoja apime wiki nzima, halafu alete daftari. Mama Giza alipima wiki yake bila wasiwasi. Asubuhi ya zamu ya wifi aliingia mapema, akachomoa kile kioo cheusi, akakitumbukiza mfukoni mwa koti lake la kazi.

Siku mbili namba za wifi zilikwenda kombo.

"Wifi, mbona hewa haikai kwenye damu?"

"Mimi nitajuaje? Labda samaki wako wamekuchoka."

"Basi nifanyeje?"

"Zifute hizo namba. Mimi zikiniharibikia huwa nazifuta tu. Nani atajua?"

Siku ya tatu namba zikanyooka. Mama Giza alikimbilia koti lake. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, na mfuko ulikuwa mtupu. Akajipa moyo kwamba kioo kilidondoka njiani.

Profesa aliwaita wote wawili. Alilifungua daftari la wifi. Zile siku mbili mbovu zilikuwa humo, hazijafutwa, na chini yake imeandikwa: "Taa haikuwa na kioo."

"Hapa ndipo nilipojifunza," alisema Profesa. "Kumbe damu ikiwa na asidi, taa isiyo na kioo inaibandua hewa upesi zaidi kuliko kwenye damu isiyo na asidi." Halafu akamgeukia Mama Giza. "Na wewe, mbona daftari lako halina kosa hata moja kwa miaka kumi na mmoja?"

Mama Giza alilivuta daftari lake, akalitia kwapani.

Sasa wifi aliteremsha kioo cha gari. "Wifi, njoo kidogo."

Mama Giza alisogea, akainama.

"Kuanzia leo koti lako utajifulia mwenyewe," wifi alisema kwa upole. "Na mifuko uipekue kwanza."

"Mnanong'ona nini?" kaka akauliza kutoka kwenye usukani.

"Mambo ya mawifi hayakuhusu," mkewe akamjibu. "Ondoa gari."

Wifi alipima damu ya samaki miaka mitano, kisha akawa anafundisha wengine kupima. Hakumwambia mtu habari ya mfuko, hata mumewe. Kaka alipata kazi ya udereva kwenye maabara hiyo kubwa. Profesa alistaafu kwa sababu ya macho. Mama Giza alibaki na chumba chake miaka miwili, mpaka maabara ya zamani ilipofungwa na chumba kikageuzwa stoo ya viti vibovu. Taa ilichukuliwa pamoja na kioo chake. Kambare waliosalia waligawiwa wafanyakazi. Yeye alipata wawili, akawala. Koti alilifua mwenyewe.