Bastola Inayomtosha Oleta

Tangu siku walipomzika mumewe, Oleta Ratliff hakutoka mlangoni bila bastola mfukoni. Ilikuwa ya Burl mwenyewe, ya chuma kizito, fupi, yenye silinda ya kuzunguka na matundu matano ya risasi. Burl aliibeba miaka yote katika mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, pamoja na kopo la tumbaku, na wengi waliomjua walidhani pale pana tumbaku tu. Oleta aliitia kwenye mfuko wa aproni akiwa nyumbani, na kwenye mfuko wa koti akienda kanisani. Ilivuta koti upande mmoja, hata kina mama wenzake wakafikiri ameanza kupinda mgongo.

Hakuibeba kwa kiburi. Kule kwao, milimani Kentucky, mtu akifa kwa saratani habari hutoka gazetini, na wanaoisoma si waombolezaji peke yao. Wako wanaojua kuwa nyumba ya mgonjwa hubaki na dawa kali za maumivu. Majani juu ya kaburi yalikuwa hayajaota vizuri, vijana wawili walipanda barazani wakabisha hodi, wakauliza kwa upole kama marehemu aliacha vidonge. Oleta akawaambia amevimwaga. Wakachungulia ndani nyuma ya bega lake, wakaona kikombe kimoja mezani. Wakashuka ngazi taratibu, wala si kama watu waliokata tamaa.

Binti yake Tamra alipokuja kutoka Lexington na kuipata habari hiyo, hakupiga kelele. Aliweka mkoba chini akauliza, "Mama, hicho kitu umeshawahi kukifyatua?"

"Baba yako akiwa hai, mara nyingi."

"Nauliza kwa mikono uliyonayo leo."

Walienda nyuma ya nyumba. Tamra akatoa risasi zote, akamrudishia. Oleta aliinua bastola akavuta kifyatulio. Kidole kikageuka cheupe, kifyatulio kikaenda nusu, kikagoma. Baridi yabisi ilikuwa imemkaa kwenye vifundo vya vidole kama mgeni asiyejua kuaga. Akajaribu kwa vidole viwili, na mdomo wa bastola ukainama mpaka ukaelekea viatu vyake mwenyewe.

Tamra akaichukua polepole. "Unatembea na jiwe, Mama."

"Jiwe nalo hutupwa."

"Chumba chako kipo tayari. Nimeshatandika kitanda."

"Dirisha lake linatazama wapi?"

"Maegesho ya magari. Lakini lina jua."

Oleta akatazama kilima nyuma ya nyumba, kijito, na kamba ya kuanikia nguo ambayo Burl aliifunga mwaka waliooana. Alikuwa ameishi katika bonde lile tangu akiwa bi harusi. Tamra akafuata macho yake, na sauti ikamlainika.

"Basi tufanye hivi. Jumamosi ni siku ya kupamba makaburi. Nitakuja, tule na watu kanisani, kisha turudi hapa tupige sahani kama zamani. Ukinionyesha bastola unayoweza kuibeba bila kujulikana, na ukaweka risasi zote ndani ya sahani, Lexington sitaitaja tena. Ukishindwa, tunafunga mizigo."

"Zote?"

"Mlangoni hakuna risasi ya majaribio, Mama."

Kupiga sahani ilikuwa desturi ya nyumba ile. Kila mwaka, baada ya kuweka maua makaburini na kula kwenye meza ndefu pembeni mwa kanisa, Burl alikusanya sahani za karatasi, zikiwa bado na madoa ya maharage, akazipigilia kwenye ubao chini ya kilima. Yeye na Oleta walisimama kwenye kamba ya nguo, kila mmoja na sahani yake. Anayeshindwa huosha vyombo, hata sufuria kubwa ya maharage iliyoungua chini. Na mwaka hadi mwaka, aliyekunja mikono ya shati pale sinki alikuwa Burl. Oleta alikaa juu ya meza akining'iniza miguu, akimtania. Hakuwa amesoma sana wala hakuwa na sauti ya kuimba, lakini jambo hilo moja lilikuwa lake, nalo lilimtosha.

Kesho yake akaendesha pikapu hadi duka la Junior Tackett, binamu wa Burl. Nusu ya duka ilikuwa bunduki na nusu nyingine vifaa vya uvuvi, na friji ya minyoo ya chambo ilinguruma katikati.

"Shemeji," Junior alisema bila kuinuka, "umekuja kununua minyoo au umekuja kuniposa?"

"Minyoo naweza kuchimba. Na wanaume walio juu ya ardhi wote nimeshawaona, nimeona heri minyoo."

Junior akacheka mpaka kofia ikamteleza. Oleta akaweka mezani bastola ndogo ya rangi ya zambarau. Mkwe wake Greg, mume wa Tamra, alikuwa amemletea kama zawadi, ikiwa na utepe.

"Mkwe huyu anakupenda au anakuchukia?" Junior aliuliza.

"Ni nyepesi. Nimeona inafaa."

"Ni nyepesi, ndiyo. Njoo nyuma."

Nyuma ya duka palikuwa na ukingo wa udongo wa kulengea. Oleta akavaa vizuia sauti masikioni, akashika kwa mikono miwili, akafyatua mara moja. Bastola ikamruka kama punda aliyekanyaga moto. Akaiweka chini, akajishika mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, akangoja maumivu yapite.

"Hilo ni kosa letu sisi wenye maduka," Junior alisema, safari hii bila mzaha. "Akiingia mwanamke, tunakimbilia iliyo ndogo kuliko zote, nyepesi kuliko zote, tukiweza hata ya maua. Kumbe uzito wa chuma ndio unaobeba teke. Ukiondoa chuma, teke lote linabaki mkononi mwa mama wa watu. Anapiga mara moja, anaitupa kabatini, haigusi tena."

Akamletea nyingine nzito zaidi, ya magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Ile ilitaka chuma cha juu kivutwe nyuma kwa nguvu ili risasi ya kwanza iingie. Junior akamwonyesha namna ya kuibana karibu na kifua na kuisukuma badala ya kuivuta. Mara ya kwanza alifaulu. Ya pili vidole viliteleza. Ya tatu hakujaribu hata, alisimama tu jasho likimtoka chini ya nywele.

Walirudi ndani. Junior akamimina kahawa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma asiyejua mahali pa kuishia, akamfariji.

"Usijitese, shemeji. Lexington si mbaya. Na tuseme kweli, hata zile sahani, Burl alikuwa anakuachia."

Oleta alishusha kikombe. "Ananiachia nini?"

"Ulikuwa hujui?" Junior akajikuna shingo. Alitamani kurudisha maneno, lakini yalishatoka. "Mtu aliyempiga kindi jichoni kutoka ng'ambo ya kijito, sahani itamshindaje? Niliwahi kumuuliza. Akasema, 'Oleta akishinda anaongea. Anakaa juu ya meza anasimulia mpaka vyombo vinakwisha. Mwaka mzima nangoja siku hiyo.'"

Friji ya minyoo iliendelea kunguruma. Miaka yote ile Burl alikuwa akimpa zawadi, naye aliipokea akidhani ni mshahara. Hakujua acheke au alie. Na nyuma ya hayo kulikuwa na hofu nyingine: Jumamosi hapatakuwa na mtu wa kumwachia. Huenda hakuwahi kuwa mpigaji hata siku moja.

Lakini Oleta alikuwa mwanamke wa kutazama, na tangu alipoingia dukani alikuwa ameona kitu kwenye kabati la kioo, rafu ya chini, nyuma ya ndoana.

"Ile ambayo hujanionyesha," akasema, "ile ndogo nyeusi. Kwa nini umeificha?"

"Hiyo? Hiyo ya zamani. Na risasi yake, shemeji, ni risasi ya kindi."

"Junior, nimelea mtoto kwa kindi. Sikuona hata mmoja akiinuka kwenye sufuria kulalamika kuwa risasi ilikuwa ndogo."

Junior akaitoa, akahakikisha haina kitu, akasukuma kijiti kidogo ubavuni. Mtutu ukainuka wenyewe kwa nyuma, kama kifuniko cha kopo. Unaweka risasi ya kwanza kwa vidole, unashusha mtutu, basi. Nyingine zinakaa kwenye mpini. Hakuna kuvuta chochote. Oleta akajaribu, akarudia. Mpini ulijaa kiganjani, na chuma kilikuwa na uzito wake wa heshima. Kifyatulio kilienda safari ndefu lakini hakikugoma.

"Nikuambie ubaya wake nisije nikalaumiwa," Junior alisema. "Haina nguvu kama zile. Na risasi hizi mara mojamoja hukataa kulia. Ikikataa pale mlangoni, usisimame kuishangaa. Vuta tena. Na uibebe mfukoni mwilini mwako, si kwenye mkoba. Mkoba huporwa, mkoba husahauliwa kanisani. Na mfuko huo uwe wake peke yake, usichanganye na funguo wala peremende."

"Burl alichanganya na tumbaku."

"Burl alikuwa Burl."

Siku zilizobaki Oleta alikwenda kila asubuhi chini ya kilima, akapiga taratibu, bila sahani, akilenga tu jani lililobandikwa kwenye ubao. Mchana alishona. Ovaroli ya Burl ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, mahali alipoiacha mwenyewe. Aliishusha, akakaa nayo mapajani hadi chai ikapoa, ndipo akachukua mkasi. Akaukata mfuko wa kifuani kwa kuuzunguka. Hakuufua. Akatia ngozi ngumu ndani ili umbo la bastola lisichore nje, akaushonea ndani ya koti lake la kanisani, upande wa mkono wa kulia, kwa mishono midogo kama ya blanketi za viraka. Vidole vilimuuma. Ukiinamisha pua ulipata harufu ya tumbaku na mafuta ya mashine.

Jumamosi waliweka maua juu ya Burl na juu ya wazee wake. Wakala maharage, mkate wa mahindi na kuku wa watu wengine. Kina mama wakamkumbatia Oleta kushoto na kulia, na mmoja akamwambia mgongo wake umenyooka, lazima ni ile dawa ya kuchua. Tamra alisikia, akamtazama mama yake kutoka juu hadi chini akitafuta bastola, asiione.

Waliporudi, Tamra akapigilia sahani mbili kwenye ubao. Mama akasimama kwenye kamba ya nguo. Hapakuwa na upepo. Akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa, mikono miwili, kama alivyofanya asubuhi zote zile. Akapiga. Akapumua. Akapiga tena. Ya tatu ilitoa mlio mdogo tu wa chuma, tik. Tamra akafumbua kinywa, lakini Oleta hakuishangaa. Akavuta tena, ikalia. Akamaliza zote, akashusha mikono.

Tamra alitembea hadi kwenye ubao. Alikaa huko muda, akiweka kidole tundu kwa tundu kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Zote zilikuwa mle, ila moja ilikuwa imekata ukingo wenyewe wa sahani, nusu ndani na nusu nje.

"Hiyo je?" Oleta aliuliza kutoka kwenye kamba. Sauti yake haikufika vizuri.

Tamra akapitisha kidole ukingoni. "Baba alisema ukingo ni sahani. Ukiwekewa nyama hapo haianguki."

"Alisema hivyo kwa ajili yangu."

"Alisema hivyo, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa naokota sahani." Akaing'oa sahani ile, akaikunja, akaitia mkobani mwake. "Chumba nitakigeuza cha kushonea. Utakitumia ukija kututembelea."

Kisha akatia risasi kwenye bastola ya zamani ya baba yake, ile nzito, akasimama pale aliposimama mama yake. Tamra alikuwa na mikono ya baba yake na jicho lake. Alipiga tano. Nne zikaingia vizuri katikati. Ya mwisho ikapita pembeni ikapasua udongo.

Oleta akautazama udongo uliopasuka. "Tamra, umeniachia."

"Bastola ya Baba inavuta kushoto."

"Haikuwahi kuvuta kushoto."

"Basi mimi ndiye ninayevuta kushoto," Tamra alisema, akaanza kupanda kuelekea nyumbani.

Jikoni akakunja mikono ya blauzi, akafungulia maji ya moto, akaizamisha ile sufuria ya maharage iliyoungua chini. Oleta alivua koti akalitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wa ovaroli. Akapanda, kwa shida kidogo, akakaa juu ya meza na kuning'iniza miguu.

"Baba yako," akaanza, "mwaka uliozaliwa wewe, alisimama hapo hapo ulipo, na povu hadi kwenye viwiko..."

Tamra akaendelea kusugua. Hakufanya haraka na sufuria ile.